Siku Roki Laini Ilipompandisha Fahali Lorini

Jongeeni, enyi watu wa Isiolo, wenye mifugo na msio na hata kuku! Zimeni pikipiki, sogezeni miraa shavuni, mpate kusikia jinsi albamu ya Apua Lowoi, Simba wa Gita, Bwana wa Kunong'ona, ilivyouteka mji huu bila kumwaga tone la damu.

Miezi minane albamu hiyo, nyimbo kumi za roki laini alizorekodi na Kathure mpiga kinanda na Denge mpiga ngoma, ilikuwa imelala ndani ya flashi kama jeshi lililosahauliwa ngomeni. Redio ilisema inaleta usingizi. Mama yake mzazi, alipoulizwa anaionaje, alijibu kwamba anachelewa kanisani. Denge akatangaza kurudi Merti kuuza mbuzi. Kathure akakifunika kinanda kwa blanketi.

"Nipeni siku moja tu," akasema Apua.

Ndipo alipofunga safari, siku ya mnada wa mifugo, hadi kwenye spika kuu ya uwanja, milki ya Mzee Tadicha mwenye sauti ya radi, mtangazaji wa ngamia waliopotea na dawa za minyoo.

"Salaam aleikum, mzee," akasema shujaa wetu, ingawa ni Mkristo, maana aliijua adabu ya lango alilobisha.

"Aleikum salaam. Umepoteza mnyama?"

"Sijapoteza, mzee. Nimeleta nyimbo. Miaka mitatu nimezihangaikia, na mji huu haujanipa masikio yake hata dakika nne. Leo naziomba hizo dakika nne, kisha unifukuze!"

Tadicha akaigeuza flashi kama anayekagua meno ya mbuzi. "Ndani kuna ng'ombe?"

"Kuna mapenzi."

"Mapenzi bila ng'ombe, hayo ni ya watu gani?" Akaguna. "Haya. Nikinywa chai, wewe imba. Chai ikiisha, na wewe umeisha."

Akaichomeka flashi, wimbo ukaanza. Wanunuzi wakaangua kicheko. Dalali mmoja akapaza sauti kuuliza nani amefiwa. Apua akasimama imara.

Lakini kando ya lori palikuwa na fahali mweusi aliyewashinda wapakiaji wanane tangu asubuhi. Gita lilipolia, akashusha pembe. Kinanda kilipoingia, akashusha pumzi ndefu, akaupanda ubao wa lori mwenyewe, taratibu, kama mheshimiwa anayepanda jukwaani.

Uwanja ukalipuka: "Rudisha! Rudisha hiyo kitu!"

Kabla ya adhuhuri kila dereva alikuwa na albamu kwenye simu yake. Mwezi haukuisha, ikawa hakuna lori linalopakia ng'ombe kutoka Kulamawe hadi Merti bila sauti ya Apua. Redio ile ile ikatangaza kwamba ndiyo iliyomgundua. Afisa mmoja wa utamaduni akaja mnadani na wapiga picha, akamvisha shada, akamtambulisha kwa umma kama "mtaalamu wetu wa mifugo."

Kathure akafura. "Tumewapa mioyo yetu, wao wanapakia ng'ombe!"

"Dada, fahali alisikiza wimbo mpaka mwisho," akajibu Apua. "Nani mwingine alifanya hivyo?" Akacheka, lakini shada lilimwasha shingoni kama upupu.

Hapo akapenya katikati ya umati Mama Nimo, muuza maziwa ya ngamia.

"Ni wewe unalia kwa wimbo wa saba? Huyo msichana aliyekuacha, alirudi?"

Apua, aliyeyakabili majeshi ya waliomcheka bila kutikisika, akalivua shada. "Hakurudi, mama."

"Atarudi aje, na unanong'ona hivyo?" Akammiminia kikombe cha maziwa. "Lakini mimi nimesikia. Mzee wangu pia hakurudi."

Basi na iandikwe, makarani wa dahari, kwamba katikati ya vumbi na kinyesi cha mnada wa Isiolo, mchana kweupe, mtu mmoja aliyasikia maneno ya Apua Lowoi na kuyaelewa. Kuna majemadari waliojengewa sanamu kwa ushindi mdogo kuliko huo.