Chupa Tatu za Haidrojeni na Jagi la Mama Watoto

Jumatatu, 6 Oktoba

Forodha tena! Asubuhi nimemkuta ameketi kwenye ncha ya benchi, mahali pangu, na chupa mkononi. Si chupa kama chupa nyingine. Ina rangi ya fedha, taa ya buluu kitakoni, na ukibonyeza kitufe maji yanatoa mapovu kama yanachemka, wala hayachemki. Anasema ni maji ya haidrojeni. Anasema yanarudisha ujana. Nimemtazama vizuri. Bado haujafika.

Nieleze, kwa faida ya atakayeisoma shajara hii nikishatangulia mbele ya haki. Sisi ni kikundi cha wastaafu. Asubuhi tunauzunguka uwanja wa michezo kwa miguu, kisha tunapumzika kwenye benchi karibu na lango. Hapo mtu mmoja huwamiminia wenzake maji, na desturi yetu ni kwamba anayemimina ndiye anayezungumza, mpaka vikombe viishe. Wengine hunywa na kusikiliza. Kwa miaka mingi mmiminaji nilikuwa mimi. Nimewaeleza kutu. Nimewaeleza mvuke. Nilikuwa nimefika katikati ya sabuni.

Ndipo akaja Forodha na taa yake. Alikuwa akikagua mizigo mpakani, ndiyo asili ya jina, na sasa kila asubuhi tunakaguliwa sisi. Leo kilikuwa kisa cha sanduku la saa bandia. Kwa mara nyingine! Daktari wa Meno kacheka utadhani hajawahi kukisikia. Bi Maktaba, aliyetunza vitabu maisha yake yote, alifumba macho. Nadhani alikuwa anaiombea sabuni irudi.

Jumamosi tunachagua mmiminaji wa mwaka mzima. Mwaka mzima! Nikishindwa, sabuni itabaki nusu.

Nimeamua: nitanunua chupa ya haidrojeni inayoipita yake. Ila mimi si mtu wa kurukia vitu. Nimefundisha kemia hadi wanafunzi wakanibatiza jina la Myeyusho. Nitalinganisha kwanza, kisayansi.

Nijikumbushe msingi wa somo: haidrojeni haina rangi, haina harufu, haina ladha. Nilikuwa nawaimbisha darasa zima.

Jumanne, 7 Oktoba

Dukani. Binti muuzaji kaniita babu. Nimemsamehe.

Kanipa vikaratasi vya maelezo, nami nikavisahihisha papo hapo kwa kalamu nyekundu. Cha kwanza kinajigamba kwamba chupa inatoa haidrojeni elfu tatu. Elfu tatu nini? Vijiko? Ndoo? Punda? Mwanafunzi wangu akiandika namba bila kipimo, hapati kitu. Cha pili kinaahidi usingizi mnono, ngozi laini, macho makali na magoti yasiyolalamika. Nikamuuliza binti, chupa yenye uwezo wote huo imeshindwaje kupata kifuniko kisichovuja? Kasema babu, hiyo ni ya maonyesho.

Nikaiomba hiyo ya maonyesho, nyeupe, niende nikaijaribu nyumbani. Akasita. Kisha ikabainika kwamba mama yake nilimfundisha. Akampigia simu. Nilimsikia mama mtu akisema mpe, mwanangu, mpe chochote anachotaka, alimradi asianze kukueleza.

Heshima ya mwalimu haizeeki.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepata chupa ya pili. Ya kijani, ya Daktari wa Meno. Aliletewa zawadi na wanawe, na kwa upole wake hajaitoa nje hata siku moja. Nilimsifu. Akaniita kando, akaangalia kushoto na kulia, akaniambia ukweli: hulaza humo meno yake ya bandia. Daktari wa meno! Ameniomba nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Shajara si mtu.

Anasema inayatakatisha sana. Nimeiosha kwa maji ya moto, nikaiosha tena, nikaisogeza mbali na vikombe vyetu.

Ya Forodha nilidhani itanisumbua. Wapi! Nilipopendekeza kwamba Jumamosi tushindanishe maji kabla ya kuchagua, watu waonje bila kujua yanatoka chupa gani, alicheka hadi akashika mbavu. Kasema Mwalimu, ukitaka lete hata kisima. Kasema hii chupa yangu anayeikaribia ni mvua tu.

Debe tupu haliachi kuvuma. Ila la kwake lina taa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya majaribio. Jikoni.

Jaribio la kwanza ni la kale na la kuaminika. Haidrojeni ukiisogezea kijiti kinachowaka, hulia “pop!”. Nimelifanya mbele ya madarasa yasiyo na idadi. Nikaiwasha chupa ya kijani, nikaacha mapovu yapande, nikainama nisikie vizuri. Nikawasha kijiti.

Sikusikia pop. Nilichosikia ni nyusi yangu ya kulia.

Mama Watoto kaja mbio na jagi lake la plastiki, lile la mpini uliopasuka, akanimwagia lote usoni. Nikamweleza kwamba sikuwa nawaka tena. Akajaza jagi, akamwaga tena. Nadhani la pili halikuwa la moto.

Mpira wa kifuniko cha chupa ya kijani umeyeyuka. Chupa ya kijani imefutiwa matokeo.

Jaribio la pili: kuonja. Nikamkalisha Mama Watoto, nikamfunga macho kwa kitambaa cha vyombo, nikamnywesha maji ya chupa nyeupe, kisha maji ya bomba kutoka kwenye jagi. Lazima kuwepo na kitu duni cha kulinganishia. Nikamuuliza kaona tofauti gani. Kasema yote ni maji. Nikamtaka afafanue. Kasema yote ni maji, Baba Watoto, na sufuria inaungua.

Jibu fupi mno, halina maelezo. Nimempa alama mbili, za hati nzuri.

Kisha kanitolea la mwaka. Kaniuliza si wewe uliyekuwa ukiimba humu ndani kwamba haidrojeni haina ladha, mpaka watoto wakaiimba kwenye harusi ya dada yao? Sasa ladha unayoitafuta ni ya nini? Nikamweleza kwa utulivu kwamba kuna ladha ya juu na ladha ya ndani. Kaniangalia kwa muda. Hasa upande usio na nyusi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemrudishia Daktari wa Meno chupa yake na kumweleza habari za mpira, joto na sayansi. Kanisikiliza mdomo umefungwa kabisa. Baadaye nikatambua kwamba hakuwa na meno. Nilimnyima pa kuyalaza.

Nimewaza sana juu ya kesho. Haki ni haki, lakini haki nayo yahitaji msaada. Huu hapa mpango:

Mtu aliyetoka kutembea, umpe maji ya baridi na ya vuguvugu, atachagua ya baridi. Hilo halina ubishi. Kwa hiyo chupa yangu nyeupe nitailaza ndani ya friji. Chupa ya Forodha itakuja mfukoni mwake kama kawaida, na mfuko wa Forodha ni jiko. Na ili ushindi wangu uonekane mkubwa zaidi, nimemwomba Mama Watoto aje naye, abebe jagi la maji ya bomba, yakiwa jinsi yalivyo. Hapo kikundi kitaona ngazi tatu: duni, wastani, bora.

Huu si udanganyifu. Ni maandalizi.

Mama Watoto kauliza, watu wazima watembee jua lote lile halafu awapelekee maji ya vuguvugu? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna atakayeyapenda. Kanyamaza. Anaponyamaza huwa amekubali.

Nimeandaa pia utangulizi. Mfupi. Unaanzia kwenye maumbile ya tone.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike yote.

Kila kitu kilianza vyema. Mama Watoto alinifungia begi mwenyewe, chupa nyeupe imeviringishwa taulo. Benchini, Bi Maktaba akakubali kuwa msimamizi, maana hajawahi kupendelea hata kitabu. Akachukua chupa mbili na jagi, akajificha nyuma ya ukuta wa lango, akamimina: vikombe vyekundu, vya manjano na vya kijani. Yeye tu alijua kipi ni kipi.

Nikatoa utangulizi. Nilikuwa ndiyo kwanza naliacha tone kuelekea kijito pale Daktari wa Meno, mwenye meno leo, alipouliza kama maji ni ya kuonja au ya kurithi. Wakacheka. Wakanywa.

Chekundu: wakatikisa vichwa. Kijani: Daktari wa Meno akakisukuma kando. Manjano: akafunga macho. Akasema ah! Mwingine naye, ah! Wote, manjano! Nami nikaonja, maji ya baridi yakanishuka kifuani. Friji yangu! Nikasimama nijitangaze.

Forodha kanitangulia. Kapiga goti lake kofi, kasema hayo ni yake, haidrojeni yake anaijua kama anavyomjua mwanawe wa kumzaa. Nikamwambia labda mwana wa kufikia. Kasema onja tena, Mwalimu, usikie yalivyo hai! Nikasema uhai huo ni wa chupa nyeupe, hata kipofu angeusikia. Akasifu wepesi wa maji. Nikasifu utulivu wake. Akasema magoti yake yameshapata habari. Nikasema hata nyusi yangu inawasha, dalili ya kuota. Tuliyasifu maji yale mpaka koo zikakauka, tukaomba tena ya manjano, sote wawili.

Bi Maktaba katokeza nyuma ya ukuta. Amebeba jagi.

Nilidhani amekosea. Bi Maktaba hakosei.

Ndipo Mama Watoto akaeleza, bila hata kuulizwa mara mbili. Kasema ameona aibu kuwapelekea wageni maji ya vuguvugu, akaliweka jagi ndani ya friji. Friji ilikuwa imejaa, akaitoa ile chupa yangu iliyokuwa inawakawaka, akaiweka dirishani ipate hewa. Kasema samahani, Baba Watoto, nilidhani inaumwa.

Forodha kacheka hadi machozi. Nikamkumbusha mwana wake wa kumzaa. Akaacha.

Hapo Bi Maktaba akasema desturi ni desturi, mwenye maji yaliyopendwa amimine. Mama Watoto akaanza na kikombe cha Daktari wa Meno, akamalizia na changu. Tukatulia, tukingoja azungumze. Ni haki yake. Akaketi, akarekebisha kanga, akasema: “Kunyweni.”

Basi! Hakuongeza.

Tukanywa. Tukasikia nyayo za watu kwenye nyasi, na ndege mmoja juu ya nguzo ya goli. Sikujua pale pana ndege. Forodha akafungua kinywa, nikaona kabisa sanduku la saa likitoka, lakini Bi Maktaba akainua kidole mbele ya midomo, kwa mamlaka ya maisha yake yote, na sanduku likarudi. Daktari wa Meno akaomba kikombe cha pili. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba haijapata kutokea asubuhi tamu kama hii.

Kura ikapigwa kwa mikono. Mama Watoto, mwaka mzima, bila kupingwa. Mkono wangu nao ulikuwa juu. Nilikuwa naomba kueleza jambo, wakauhesabu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetafakari kwa utulivu wa mtu mzima, kama mtafiti asiye na kinyongo. Matokeo hayana fumbo hata kidogo. Kosa lilikuwa kwenye utangulizi: ulikuwa mfupi mno. Watu walifika kwenye maji kabla ya kuyaelewa.

Mama Watoto simlaumu. Ila anaiharibu haki yake. Mwaka mzima wa kuzungumza umempata mtu mwenye neno moja! Ni kama kumpa samaki mwavuli. Nimemweleza hivyo wakati wa chai, nikampa njia ya kutoka: yeye amimine, mimi nizungumze kwa niaba yake. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kasema Myeyusho (yeye huniita hivyo kwa nadra, na si kwa mapenzi) mbona jana ulimwangalia yule ndege ukatabasamu? Nikamwambia nilikuwa napanga maneno. Kalichukua jagi, kaenda kulijaza.

Chupa nyeupe nimeinunua hata hivyo, ili heshima ya mmiminaji wetu isishuke. Nimemkabidhi kwa maneno machache yanayofaa. Anazuilia mlango wa jikoni usijifunge.

Tatizo sasa liko wazi, na mtu aliyesoma tatizo lililo wazi halimshindi. Mmiminaji ana maji bila sauti. Mimi nina sauti, lakini benchi ni refu, na wa upande wa pili walikuwa wananiangalia kama watu wasiosikia vizuri. Kumbe miaka yote hii hawakuichoka sabuni. Haikuwafikia!

Kesho nakwenda kwa yule binti kulinganisha vipaza sauti vya mkononi. Sitakurupuka. Nasikia kuna kimoja kina taa ya buluu.