Laptopu Aliyoikataa Batula

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wateja wawili tu. Mmoja alikuja kuuliza kwa Batula ni wapi! Duka lake la kompyuta liko ng'ambo ya barabara, mbele ya pua yangu. Nikamwambia simjui.

Tangu Batula ahamie Linux, ule mfumo huria usiolipiwa, kompyuta zake kuukuu zinakimbia. Zangu huwaka zikijisikia. Na Ijumaa Mama Nyevu, mwenyekiti wa wakulima wa Tarasaa, anakuja Garsen kuchagua duka la kuwachapia kadi za uanachama. Watu mia sita! Nikiikosa kazi hii nafunga duka, narudi kulima kwa baba. Batula atanipungia mkono. Namjua.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamua. Nahamia Linux mimi pia, tena kwa laptopu itakayong'aa kuliko zake zote.

Nimekwenda Malindi. Muuzaji wa laptopu kanisimulia kwamba Batula alikuwa hapo juzi, na hununua kompyuta kama baba yake, Mzee Tadicha, anunuavyo ng'ombe. Kwao Waorma hakuna kulipa kabla mnyama hajatembezwa na kutazamwa meno. Basi Batula huchomeka flashi yake yenye Linux, anaiwasha mashine pale pale kaunta, anajaribu Wi-Fi, sauti, kamera, hata kuilaza na kuiamsha. Saa nzima! Akaikataa laptopu ya rangi ya fedha yenye kibodi ya taa, akachukua nyeusi iliyochubuka.

Nilicheka sana. Kaikataa? Sizitaki mbichi hizi! Hela hana. Nikainunua hiyo hiyo ya fedha. Muuzaji akauliza kama nataka kuijaribu kwanza. Nikamjibu mimi si mchungaji.

Alhamisi, 7 Agosti

Linux imeingia. Taa za kibodi zinapendeza. Nimeiweka dirishani, imtazame Batula.

Wi-Fi hakuna. Si kwamba ni dhaifu, hakuna kabisa. Nimesoma kwenye simu: kadi ya Wi-Fi iliyomo ndani haielewani na Linux. Upuuzi. Nimehamisha ruta mara nne. Nimegombana na jirani yangu Dabaso kwa sababu ya mabati yake, nikidai yanazuia mtandao.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Nyevu kafika saa nne. Nikamwonyesha taa. Akazisifu, kisha akaniomba nifungue orodha ya wanachama, iko kwenye barua pepe. Nikamwambia mtandao umekatika Garsen nzima. Akachungulia nje. Kwa Batula vijana walikuwa wanatazama mpira moja kwa moja, wanashangilia bao.

Akavuka barabara. Kazi imekwenda. Nililia kidogo nyuma ya mashine ya fotokopi.

Jumamosi, 9 Agosti

Batula kaja na themosi ya chai ya maziwa. Kasema kadi mia sita zinamlemea, tugawane nusu kwa nusu, Mama Nyevu amekubali. Akachomeka kidude cha Wi-Fi kwenye laptopu yangu, mtandao ukaja papo hapo. Kasema nikae nacho. Halafu akaniandikia orodha ya printa tatu zinazoelewana na Linux, kwa kuwa hii yangu itagoma, akanisihi, kaka Menza, usinunue kabla hujaijaribu.

Nilimshukuru. Chai ilikuwa tamu, hilo nakubali.

Lakini nimeisoma ile orodha tena na tena. Mshindani gani humtajia mwenzake printa nzuri? Nzuri kazificha! Jumatatu alfajiri naenda Malindi kununua printa yoyote ambayo haimo kwenye orodha yake.