Uzinduzi wa Bustani ya Kinga ya Titi, Makutupora

Ndugu Mwenyekiti wa sherehe hii, Ndugu Makamu wake, ambaye naambiwa yuko njiani, viongozi wa dini na viongozi wa jadi, akina mama, akina baba mliojibanza kwenye kivuli kana kwamba titi haliwahusu, wataalamu, wadau, na wadau wa wadau, na yeyote niliyemruka ajihesabu nimemtaja mara mbili. Mimi ni Bartolomayo, Mratibu Mkuu Msaidizi wa Kamati ya Sahani Salama, mtu mnyenyekevu ambaye unyenyekevu wake umetambuliwa kwa cheti. (Makofi ya viti vya mbele.)

Ndugu zangu, saratani ya matiti ni adui, na sisi kama kamati, baada ya semina kumi na nne, mbili kati ya hizo zikiwa za kupanga semina, tumebaini kwa mtazamo shirikishi, jumuishi na mtambuka kwamba adui huyu anapigwa kwa sahani, na ndiyo maana leo nazindua bustani hii mnayoiona nyuma yangu, matuta ishirini ya mboga za majani, ambayo kwa mujibu wa data tunazoendelea kuzitafuta itapunguza saratani kwa asilimia tisini na saba nukta nne. (Vigelegele. Sauti ya mama: "Hiyo nukta nne ndiyo nani?" Kicheko.) Nukta nne, mama, ni wabishi kama wewe.

Kuanzia leo kila kaya izingatie menyu elekezi ya kamati: asubuhi brokoli, mchana samaki wa salmoni, jioni mafuta ya zeituni na zabibu, zabibu hizi hizi za kwenu, ambazo mimi binafsi huzitumia kila siku zikiwa ndani ya chupa. (Bibi Zipora, safu ya pili: "Na mlenda wetu je, baba?") Shikamoo bibi. Mlenda uko kwenye mapitio. ("Marahaba. Mapitio ya nani? Mimi nimekula mlenda na ugali wa uwele miaka sabini, na karanga zangu, wala sijawahi kukaa semina!" Kicheko kirefu. Mwenyekiti anagonga meza.)

Tuendelee. Kuna mkono pale. Ndiyo, wewe mwenye mtoto mgongoni. ("Shikamoo mzee. Naitwa Penina, nimetoka Gulwe tangu jana, nimelala kwa shangazi. Nina uvimbe kwenye titi la kushoto toka mwezi wa tatu. Nilidhani ni maziwa yameganda, mama mkwe akanikanda na maji ya moto, haukuondoka. Tangazo lilisema leo tutapimwa. Tunapimwa wapi?")

Marahaba mwanangu. Swali zuri, swali la kimkakati. Upimaji uko awamu ya tatu, na hii ni awamu ya kwanza, awamu ya kula, kwa hiyo wewe kwa sasa kula mboga kwa wingi, na huo uvimbe wenyewe utaona aibu uondoke.

(Anasimama Nesi Loisi wa zahanati ya hapo jirani. "Samahani, mheshimiwa. Mboga, karanga, nafaka isiyokobolewa, kunyonyesha, kutonenepa kupita kiasi, hivyo vinasaidia kupunguza hatari. Pombe inaiongeza, hata ya zabibu. Lakini hakuna mboga inayoyeyusha uvimbe. Uvimbe unapimwa. Na mara nyingi hauwi saratani, Penina, usilie mdogo wangu. Njoo twende zahanati.")

Hata ya zabibu? ("Hata ya zabibu.") Basi hilo nalo liingie kwenye mapitio.

Akina mama, mbona mnanyanyuka? Niko ukurasa wa tatu kati ya kumi na moja! (Akina mama wanapanga foleni mlangoni kwa Nesi Loisi.) Si neno, nahutubia migongo, migongo nayo ni wadau. Nawaahidi kwamba ifikapo mwakani bustani hii itakuwa na matawi, matawi yatakuwa na ofisi, na ofisi zitakuwa na picha yangu. Nikisema "Sahani", mnajibu "Salama". Sahani! (Mwenyekiti, peke yake: "Salama.") Titi! ("Salama.") Mratibu! (Mwenyekiti anakohoa.)

Kwa shukrani, namtaja kipekee Mama Mwantum wa sokoni mjini, aliyetuazima alfajiri mafungu themanini ya mchicha tukayachomeka humu kwa ajili ya picha, na naomba yachomolewe taratibu, maana bustani yenyewe bado inasubiri mfadhili, na hapa, kama mnavyojua, ni uwanja wa mpira wa shule. Namshukuru pia dereva wangu Msafiri, ambaye sasa atayapakia mafungu hayo na kuyarudisha. Msafiri? (Muungurumo wa gari. Vumbi.) Msafiri!

(Bibi Zipora: "Kaondoka, baba. Nesi kamwandikia Penina rufaa, kasema afike hospitali ya mjini leo leo, asingoje kesho. Msafiri akasema na yeye ana dada.")

Kwa gari langu?

("Ndilo hilo linalotimua vumbi.")

Mwenyekiti, usigonge meza. Katibu, andika: mradi umeanza kazi saa sita na robo. Walionufaika, mmoja. (Vigelegele kutoka kwenye foleni.) Hapana, futa. Andika wawili. Ana mtoto mgongoni.