Galaksi ya Peke Yake, Mtaa wa Mangobo

Jumatatu, 15 Juni 1964
Meli ya chumvi bado. Sokoni wanasema waasi wanasogea kutoka Kivu, barabara zimekatika. Mimi sijali! Debe langu la chumvi limejaa, liko chini ya kitanda, na harusi ya mjukuu wangu Safi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mama yake alipokuwa anakufa nilimwahidi: mtoto ataolewa kwa heshima. Pilau bila chumvi? Bora waasi.

Shida ni Philomène, jirani yangu, uzio kwa uzio. Leo amekuja mara mbili kuomba. Asubuhi na kijiko. Jioni na upawa!

Jumanne, 16 Juni
Nimepata dawa ya Philomène! Kwa mpangaji wangu, mwalimu Hilaire, anayefundisha fizikia na kula kama watu watatu. Nilimkuta ameinamia gazeti lake la Ulaya. Akanieleza (bibi yeyote kwake ni koko): koko, huko juu kuna makundi makubwa ya nyota, yanaitwa galaksi, na ndani yake mna gesi ya hidrojeni, atomu moja moja, nyepesi kuliko moshi. Wazungu wanaisikiliza kwa masufuria makubwa ya chuma yanayotazama mbingu. (Sufuria isiyopika! Na wanalipwa.) Galaksi zilizobanana huvutana, hii inainyang'anya ile gesi. Iliyo peke yake, mbali na majirani, inabaki na gesi yake, inazaa nyota polepole.

Nikamwambia mimi sikuona mlango wa shule, herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu Feruzi kwa mkaa ukutani, lakini jambo hilo nalijua tangu Philomène alipohamia hapa. Alors! Nitakuwa galaksi ya peke yake.

Jumatano, 17 Juni
Nimeziba mwanya wa uzio kwa bati na kitanda kibovu. Philomène akazunguka kwa barabara, upawa mkononi, akauliza kama nyumba imeanguka. Nimempa. Ningefanyaje? Alikuwa ameniletea kwanga, mkate wa muhogo, ya moto.

Alhamisi, 18 Juni
Uzio ni mchezo wa watoto. Leo nimejifunika gubigubi, nikamtuma Safi atangaze kwamba koko ana homa mbaya. Safi akagoma, eti bibi harusi hasemi uongo. Nikamwambia bila uongo hakuna chumvi, bila chumvi hakuna bibi harusi. Akaenda akinung'unika. Jioni nzima hakuna aliyebisha hodi. Raha! Nimelala kama malkia juu ya gesi yangu.

Ijumaa, 19 Juni
Ole wangu! Nilisahau naishi kati ya watu. Nani hapa anamwacha mgonjwa peke yake? Tangu alfajiri wanamiminika na mikeka. Wamama wa msikitini. Wamama wa kwaya ya Philomène. Hata papa Kasongo fundi wa baiskeli, ambaye hatujasalimiana tangu uhuru, amelia kidogo. Wanauliza naumwa wapi. Nikasema kote.

Na aliyekuja kukaa na mgonjwa lazima ale. Philomène akashika jiko langu: lituma ya ndizi za kupondwa na pondu, kisamvu chetu, kwa mtaa mzima. Nikasikia anakuja chumbani. Nikajifanya sina fahamu. Akainama, akavuta debe, akaninong'oneza nisijisumbue, dada, yeye mahali pa debe anapajua tangu zamani.

Anapajua!

Jumatatu, 22 Juni
Bado wamo. Wanaimba. Hilaire amekula sahani tatu za hidrojeni yangu, kisha akasema galaksi ikipitiwa na wageni huvurugika. Nikamwambia atafune kimya.

Usiku nimekung'uta debe. Tupu. Nimepona papo hapo, nikalia machozi ya kweli. Nimwambie nini mama yake Safi? Philomène amesimama mlangoni, ameniona, hajasema neno. Philomène kunyamaza! Huo sasa ndio ugonjwa.

Jumamosi, 27 Juni
Harusi! Asubuhi wakaja wote wale wa mikeka. Huyu chumvi ndani ya jani, huyu ndani ya karatasi, papa Kasongo ndani ya kengele ya baiskeli. Nyuma yao Philomène na kopo kubwa la maziwa, limejaa chumvi. Akasema ndiyo chumvi yote ya kijiko na upawa, alikuwa ananiwekea, kwa sababu ananijua: kila anayekohoa barabarani nampa chumvi, na harusi ingekuta debe limefagiwa. Mwizi mwema! Nimemtukana, nimemkumbatia, nimemtukana tena.

Kila mtu akatia chumvi sufuriani kwa mkono wake. Pilau ikawa kali kwa chumvi, wageni wamekausha mitungi yote ya maji. Safi alikuwa anacheka na kulia.

Jumapili, 28 Juni
Bon. Iliyobaki wameniachia, debe limejaa kuliko mwanzo. Kwa hiyo sayansi ni kweli: nilikaa peke yangu, gesi imeongezeka! Hilaire anabisha, eti sikukaa peke yangu hata saa moja. Watu wa shule bwana.

Saa hii Philomène yuko mlangoni na upawa. Kosa langu nimeliona: mgonjwa hutembelewa. Kesho Hilaire atatangaza koko amekufa. Nyumba yenye maiti, nani atakuja?