Sakafu Laini kwa Goti la Mama Naomie

Jumatatu, 4 Septemba 2023

Nimekasirika. Naandika kwa kalamu nyekundu ili ijulikane.

Asubuhi alikuja Raïssa, yule binti wa tiba ya viungo, kumtazama mke wangu Aline. Miezi miwili sasa tangu Aline ateleze kwenye ngazi za kanisa na kuvunja mambo ndani ya goti. Alipasuliwa, akashonwa, kidonda kimepona. Sasa, asema binti, goti lifundishwe kazi upya. Kupiga magoti na kuinuka. Kulala chini na kunyanyua mguu. Kila siku, miezi mitatu, hapa hapa nyumbani.

Akaomba aone chumba. Nikamfungulia cha Naomie, binti yetu aliyeolewa Bukavu. Raïssa akaipiga sima, saruji ya sakafu, kwa kisigino, ko ko ko, akatikisa kichwa. Sakafu hii italimaliza goti la mama. Tafuteni kitu cha kutandika juu. Kiwe laini lakini kisizame. Kisiteleze. Kiwe kigumu cha kubeba, laini cha kupokea.

Hiyo ni hesabu gani? Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Sijaona kitu kilicho kigumu na laini kwa wakati mmoja.

Kisha akalitazama tumbo langu, akasema mzee naye afanye mazoezi pamoja na mama. Sikumwita kwa ajili ya tumbo!

Na baya kuliko yote: akasema karo za mpira, vigae vya kutandika sakafuni, zinazofaa ziko mtaani Kimanga, dukani kwa Gracien.

Gracien! Mwaka 1991 mtu huyu alipeleka mbuzi wawili kwa baba yake Aline. Niliwaona kwa macho yangu, mimi nikiwa uani na barua yangu ya posa mfukoni. Mbuzi wanene. Nilimshinda, Aline akawa wangu. Lakini leo niingie dukani mwake niseme tafadhali? Heri nitandike ngozi ya mgongo wangu.

Jumatano, 6 Septemba

Nimepata! Bila Gracien!

Makapi ya mpunga. Ni laini. Ni ya bure. Nyuma ya kila mashine ya kukoboa kuna mlima wake. Nilikwenda kijijini Runingu alfajiri. Mwenye mashine, mama mmoja aitwaye Agathe, aliniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikamwambia ni ya chumba cha mazoezi. Akawaita jirani zake waje wasikie. Mimi niliendelea kujaza magunia kwa heshima yangu yote.

Magunia tisa, pikipiki mbili. Nimemwaga makapi chumbani, nimesawazisha kwa ubao, nimefunika kwa turubai na kupigilia mbao pembezoni. Nikatembea juu yake. Kama kutembea juu ya mkate!

Aline alikuja hadi mlangoni, kaegemea fimbo yake. Akatazama muda mrefu.

"Baba Naomie," akasema, "minye niko mugonjwa wa goti, ao niko kuku?"

Shukrani za wanawake.

Jumamosi, 9 Septemba

Kuku kweli. Lakini si Aline.

Jirani yetu Espoir hafungi kuku wake. Nimemwambia mara mia. Jana, tulipokuwa kwenye ibada ya Ijumaa, waliingia kwa dirisha, wakalipasua turubai kwenye kona, wakachimba. Makapi yamefika jikoni. Yamefika kitandani. Yamo ndani ya Biblia yangu. Aline anapiga chafya, na kila chafya inalivuta goti, na kila goti likivutwa ananitazama.

Hata pasipo kuku, mambo hayakuwa sawa. Alipojaribu kupiga hatua, mguu ulizama hadi kifundo upande huu, na upande ule kukainuka kilima. Alinishika bega. Kucha zake bado ziko begani.

Nikafagia kutwa. Saa kumi akaja Espoir. Nilidhani amekuja kuomba msamaha. Alikuja kudai mayai! Kuku wake walitaga chumbani, mayai saba, na yeye anasema kuku ni wake basi mayai ni yake. Nikamwambia chumba ni changu. Nikamweleza sheria. Nilikuwa nikishinda.

Aline akampa mayai. Yote saba.

Jumatatu, 11 Septemba

Leo nilivuka mpaka. Bujumbura kuna kila kitu, na hakuna Gracien.

Sokoni nikapata mikeka ya sponji inayoshikana meno kwa meno, ya rangi rangi. Vipande kumi na viwili. Muuzaji alisema watu wakubwa wa mjini hutandika hiyo hiyo. Nikanunua bila kubonyeza hata kimoja. Kwa nini nibonyeze? Nina macho.

Kisha nikafikiria forodha. Watanipekua, watanichelewesha. Nikaingia chooni mwa mgahawa, nikajizungushia vipande vyote mwilini, kifuani, mgongoni, mapajani, nikavaa koti juu. Koti la sufi. Jua la mpakani Kavimvira!

Afisa wa forodha alikuwa kijana mwenye adabu, na hiyo ndiyo iliyoniangusha. Aliona mzee anatoka jasho kama mtungi mpya. Akanivutia kiti. Karibu ukae, mzee. Nikasema nimezoea kusimama. Akasisitiza. Nikajaribu. Mtu aliyefungwa sponji hakunjiki. Niliketi kama ubao, nikateleza, nikalala chali mbele ya wabadilisha pesa wote wa Kavimvira.

Walinivua kipande kimoja kimoja. Wabadilisha pesa walihesabu kwa sauti. Moja! Mbili! Walipofika kumi na mbili walipiga makofi.

Na afisa akasema, kwa upole ule ule, kwamba vitu vidogo vya nyumbani ningevitangaza tu na kupita navyo mkononi.

Nimechukia upole wake. Nimechukia makofi. Nimechukia sufi.

Jumanne, 12 Septemba

Mikeka ni ya watoto wa chekechea. Kila kipande kina herufi. Sikuiona herufi hata moja kule sokoni, nilikuwa nikiangalia ubora.

Tena haitoshi. Imefunika nusu ya chumba. Nilipima kwa hatua zangu, na Aline anasema hatua zangu hurefuka nikiwa na hasira.

Alisimama juu ya M. Akapeleka mguu kwenye K. M ikabaki, K ikaenda zake ukutani. Nilimdaka. Halafu akaniambia nishushe kisigino changu mwenyewe kwenye mkeka. Nikashusha. Sima ile ile, ko ko ko, imevaa nguo ya sherehe tu.

Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, Kimanga ni mbali?

Nilikwenda kumfokea kuku.

Alhamisi, 14 Septemba

Usinidharau, Kimanga! Nimeona kosa langu. Mikeka ni myembamba, basi iwekewe kitu kinene chini yake. Kitu kinene kiko wapi? Kitandani!

Nimelikata godoro letu kwa urefu. Si lote, mimi si mnyama. Nimekata upande wangu tu. Upande wa Aline haujaguswa. Mume gani mwingine wa Uvira angefanya hivyo?

Nusu ya godoro chini, mikeka juu, kanda ya gundi pembeni. Nikaruka mara tatu. Nilirushwa juu kama samaki ndani ya wavu. Raha!

Aline alisema Raïssa alikataza kitu cha kuzama. Nikamwambia Raïssa ana miaka ishirini na sita. Tutaanza kesho.

Ijumaa, 15 Septemba

Ameanguka.

Alipiga hatua ya kwanza vizuri. Ya pili, sponji ikazama upande mmoja, mkeka ukateleza juu yake, mguu ukaenda kushoto na goti likabaki. Nilikuwa karibu. Nilinyoosha mikono. Sikufika.

Raïssa amekuja mbio. Goti limevimba kama embe. Mshono wa ndani haukuachia, Mungu ni mwema, lakini siku kumi za kupumzika, na kuanza tena mwanzo. Akauliza nani alitandika hivi. Nikasema mimi. Akaweka barafu. Heri angenitukana.

Alipoondoka nilianza kueleza habari ya kanda ya gundi, kwamba haikuwa na nguvu kama ilivyoandikwa. Aline alikuwa analia, na si kwa maumivu. Akaniita kwa jina langu. Mara ya mwisho kuniita hivyo ni siku mama yangu alipofariki.

"Toussaint. Nataka kutembea. Basi."

Nililiburuta godoro hadi nje nikalipiga teke. Godoro halikusikia kitu. Niliketi juu yake hadi miguu yangu ikafa ganzi.

Jumamosi, 16 Septemba

Nimekwenda. Tusiseme mengi.

Tuseme basi. Gracien amezeeka. Ana miwani, anaburuta mguu mmoja. Aliinuka aliponiona.

"Mwalimu! Karibu, ukae. Goti ya mama inaendelea namna gani?"

Goti kwanza, biashara baadaye. Nilikasirika kwa sababu ndivyo mimi ningefanya, kama ningekuwa mwema.

Akaniwekea karo tatu za mpira mezani. Akaniambia nibonyeze kwa kidole gumba. Ya kwanza, kidole kilizama na alama ikabaki. Akaiondoa, akasema hii haniuzii. Ya pili haikubonyea hata kidogo, kama tairi la lori. Ya tatu ilikubali kidole, kisha ikakirudisha.

"Iko hii," akasema. "Sasa uruke."

Niruke! Dukani kwa Gracien, mbele ya wanunuzi wa misumari! Nikaruka. Kisigino hakikulia ko. Kilipokelewa. Ngumu ya kubeba, laini ya kupokea. Nilitamani isiwe kweli.

Wakati anafunga mzigo nikashindwa kujizuia. Nikamwuliza kuhusu mbuzi.

Akavua miwani. Mbuzi gani? Nikamkumbusha mwaka, uani, mbuzi wawili wanene. Akafikiri. Kisha akacheka, cheko la mtu asiye na deni na mtu.

"Aa, wale! Muzee alinunua kwangu. Ya sikukuu. Minye nilikuwa nimekwisha kuoa Providence."

Nilikalia mfuko wa sima.

Miaka thelathini na miwili! Nilihama benchi kanisani kwa ajili yake. Sikula kwenye msiba wa baba yake. Kila nikitoka mjini napita njia ya chini, ya matope, nisilione duka lake. Nikamwuliza, je, hakuwahi kushangaa kwamba simsalimu?

Alisema alidhani macho yangu hayaoni mbali. Alikuwa ananihurumia.

Kunihurumia! Mimi nimemchukia mtu kwa jasho langu, na hata hakujua!

Jumatatu, 18 Septemba

Gracien alikuja mwenyewe kutandika. Alifagia sima, akaipangusa, akangoja ikauke. Mimi nilitaka tuanze ikiwa mbichi, tumalize haraka. Akasema unyevu ukifungiwa chini unaoza. Akapanga karo toka katikati, akaacha nafasi ya kidole ukutani, maana mpira hutanuka kwa joto. Akafungua dirisha ili harufu itoke. Nilisimama nyuma yake nikitafuta kosa. Saa tatu nzima. Hakuna!

Aline aliletewa kiti mlangoni. Nikamweleza habari ya mbuzi, nikitegemea ashangae. Alijua! Alijua tangu siku ile ile! Wale mbuzi aliwapika yeye mwenyewe. Kwa nini hakuniambia?

"Hukuniuliza," akasema. "Na weye ulikuwa unavaa vizuri sana kila ukisikia jina yake."

Kisha wazo likaja, nalo likaniunguza kuliko yote. Gracien alimfahamu Aline tangu utoto. Aliingia nyumba ile kila juma. Na hakumtaka? Kwa nini? Ana kasoro gani mke wangu?

Nikamwuliza. Alikuwa anakata karo ya mwisho. Kisu kikaenda upande.

Aline alicheka hadi akashika mlango. Sijamsikia akicheka hivyo tangu ngazi za kanisa. Nilikuwa na hasira sana, lakini nilingoja amalize.

Alhamisi, 12 Oktoba

Leo Aline alipiga magoti na kuinuka mara kumi, bila fimbo. Nami nilipiga mara nne, tumbo likiwa limetangulia. Kisha akavaa viatu, akashuka mwenyewe hadi ziwani, akarudi na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye bakuli. Nilimtazama dirishani muda wote. Moshi wa jikoni kwa Espoir ni mbaya sana kwa macho.

Raïssa amefurahi. Akasema sasa ingefaa baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote. Kitu imara, kitulie, kisitikisike. Gracien amesema kuna moja Bujumbura, italetwa Jumatano ijayo. Tungoje tu.

Tungoje! Siku sita, kwa ajili ya baiskeli isiyokwenda! Baiskeli yoyote inaweza kukatazwa kwenda. Hiyo ni hesabu nyepesi.

Pasta wetu Aimé aliacha yake barazani kwetu alipopanda gari kwenda Fizi. Nimeshaondoa magurudumu yote mawili. Fremu nimeisimamisha katikati ya chumba na kuifunga kwa misumari mirefu. Nimetoboa karo nne tu, na hazikupinga. Aline amelala mchana, hajaona. Akiamka atapanda.

Pasta anarudi Jumapili. Nitamweleza kwamba baiskeli yake haijaharibika. Imetulia tu.