Kioo Kilichonyamazisha Manahodha

Mheshimiwa Mkuu wa Bandari,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi nahodha wa boti ya kuvuta meli naomba kile kioo kipya mlichotufungia kando ya usukani king'olewe. Sababu ninazo.

1. Kioo kinaonyesha kila chombo, jina lake na mwendo wake, basi hakuna anayeongea tena. Zamani mkikutana mlangoni mwa bandari lazima mwitane kwenye simu ya upepo: nani apite kushoto, watoto hawajambo, mguu umepona? Siku hizi tunapishana kama mawifi waliogombana.

2. Watu wanakodolea kioo, dirisha hawalitazami. Juzi meli ya mchanga ilinijia mbio huku kioo kikisema imetia nanga, kwa kuwa nahodha wake alisahau kubonyeza kwamba ameng'oa nanga. Nilikiamini kioo mpaka nikaona masharubu yake.

3. Kwenye kioo kuna kisanduku cha kuandika unakoelekea, vyombo vyote visome. Mimi navuta meli humuhumu bandarini tangu ujana. Nimeandika HAPAHAPA, ofisi yako ikanikaripia.

4. Hili ndilo kubwa. Siku moja kabla ya mafundi kuja kufunga kioo, nilimwita nahodha wa kivuko, mwanamke mwenye sauti ya kumtuliza hata mgonjwa wa jino, nikamuuliza kama angependa tufunge gati moja. Akasema, "Nitakujibu tukipishana kesho." Kesho yake kioo kikamwonyesha nilipo, hakuwa na haja ya kuniita, akapita kimya. Sijui amenikataa au alidhani nazungumzia maegesho. Kumuuliza tena kwenye simu ya upepo, bandari nzima ikisikiliza, siwezi. Mama yangu kila jioni anauliza mkwe wake amesemaje. Naumia, Mheshimiwa.

5. Kwa hiyo, pamoja na kioo, naomba mzime taa za maboya na za mnara. Tusipoonana kabisa, tutaitana.

Nisalimie walinzi wa geti, wapimaji wa kina cha maji, na yule mama wa mapokezi anayegonga mihuri kwa hasira.

Wako mtiifu, nikiwa usukanini,
Nahodha wa boti ya kuvuta meli, maarufu Kamba

Tanbihi: Nilikuwa nakunja barua hii asubuhi, ukungu ukashuka hata pua ya boti siioni. Kioo kikalia. Nikarudisha injini nyuma, kivuko kikapita mbele yangu salama na abiria wake wote. Nikatazama kisanduku cha anakoelekea nahodha wake. Ameandika: KWA MAMA MKWE. Hapa nilipo meli zote zinanipigia honi. Tafadhali kioo kisiguswe. Ila kile kisanduku mkipanue, jibu langu halienei.