Malalamiko Kuhusu Kishikwambi Kilichomchora Mke Wangu

Nyumba Na. 27,
Kichochoro cha Wasuka Mikeka,
Nam Dinh.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wazee wa Kichochoro.

Ndugu Mwenyekiti Tuong,

Natumaini goti lako limepoa na unalala vizuri. Mimi silali. Ni mimi Doan Khai, mchora sura za marehemu, wa mlango wa bluu. Nimemchora baba yako, mama yako na, uniwie radhi, mkeo wa kwanza. Katika kichochoro hiki hakuna madhabahu ya mababu isiyo na masizi yangu ya kuchorea, kwa hiyo naomba unisikilize kama mtu wa nyumbani.

Mke wangu Bi Luu, mwenye miaka sitini na minane na nguvu za punda, ameandaa mapema picha yake ya madhabahuni, ile ya kutambikiwa akishakufa, kama wafanyavyo wazee wote wenye akili. Hilo silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kwamba amekwenda kuchorwa na Binti Thoa, yule aliyefungua duka mkabala na langu, anayechora juu ya kishikwambi kwa kalamu isiyo na wino. Mke wa mchoraji, Ndugu Mwenyekiti! Malalamiko yangu ni haya:

1. Fedheha. Alikwenda mchana kweupe. Nilikuwa dirishani, brashi mkononi, nikamwona mke wangu wa ndoa ya miaka arobaini na mmoja ameketi kwenye kiti cha watu, ametulia tuli. Kwangu hajawahi kutulia hivyo hata siku ya harusi. Bi Nhan muuza tofu ya soya akapaza sauti kichochoro kizima: "Mganga hajigangi, Mzee Khai!" Wateja wake wakacheka mpaka wakasahau chenji. Tangu siku hiyo tofu nainunua mtaa wa pili, nayo ni chungu.

2. Haraka. Mimi sura moja huichukulia wiki tatu, nikipaka masizi ya taa chembe kwa chembe. Binti Thoa alimaliza kabla chai aliyomkaribisha haijapoa. Sura iliyotengenezwa kwa miaka sitini na minane, na sehemu kubwa nimeitengeneza mimi kwa kumuudhi, inamalizwaje kwa kikombe kimoja?

3. Kutengua. Kifaa kile kina kitufe cha kurudi nyuma. Binti alichora pua, haikumpendeza, akabonyeza, pua ikaondoka! Ikaja nyingine. Bi Luu alinisimulia haya kwa furaha: "Wewe ukikosea unasema ndivyo marehemu alivyokuwa. Mwenzio anarekebisha."

4. Ujana wa lazima. Marehemu Mzee Lam, aliyetutoka na miaka themanini na mitatu, ametengenezwa pale akatoka bila kunyanzi hata moja. Mjane wake amegoma kuitundika. "Nikifa nikawekwa pembeni yake," anasema, "wageni watadhani mimi ndiye mama yake!" Hivi sasa Mzee Lam yuko juu ya friji, amefunikwa taulo. Je, Chama kina habari?

5. Nguo. Kishikwambi kile kina kabati zima la nguo ndani yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, Bi Luu aliingia na blauzi ya kufulia, akatoka na vazi la mahameli na lulu ambazo mimi sikumnunulia. Wala si yeye peke yake. Nimehesabu bibi saba wa hapa kwetu, Bi Nhan akiwamo, waliovishwa mahameli ileile na lulu zilezile, nyuso laini kama yai la kuchemsha. Sasa twende mbele kidogo. Siku ya kumbukumbu ya kifo, roho inashuka na njaa yake, inatafuta picha yake ipate kula. Inakuta saba zinazofanana. Itaingia mlango wowote! Bi Luu atakula kuku wa kina Nhan, naye Bi Nhan atakuja kula kwangu, na simtaki hata akiwa roho. Ubani wetu utamnukia mtu baki. Atabariki wajukuu wasio wake, wa watu wafaulu mitihani na wetu wafeli. Baada ya miaka kumi hivi, hakuna atakayejua bibi yupi ni wa nani, na kesi zote zitaletwa kwako.

6. Bi Luu anadai aliniomba mimi kwanza. Ni kweli. Ananiomba tangu mwaka ule wa mafuriko. Nilimwambia mwanga haufai. Mwaka uliofuata masizi yalishika unyevu. Halafu mgongo. Mwezi uliopita akaniuliza, "Khai wee, unangoja nife ndipo unichore?" Nikatoka, nikaenda kunywa bia. Ndugu Mwenyekiti, acha niseme maana hii ni barua na hunioni uso. Miaka yote hii watu hunijia na kijipicha cha mtu aliyekwisha kwenda. Kila sura niliyoimaliza, mwenyewe hayupo. Mkono wangu haujui namna nyingine. Naogopa kummaliza mke wangu. Najua hili si lalamiko, lakini namba nimeshaiandika.

Kwa hiyo naomba Chama kiamue hivi: vishikwambi vipigwe marufuku kwa nyuso zote zilizozidi miaka sitini, makunyanzi yahesabiwe na kamati kabla ya kuchorwa na baada ya kuchorwa, na picha ya Bi Luu, ambayo ipo kwangu imefungwa kwenye gazeti, ikamatwe Jumamosi siku ya mkutano na itunzwe ofisini kwako ikitazama ukuta. Mimi sijaifungua na sitaifungua. Hakuna atakayemtambua mke wangu ndani yake, na wa kwanza kutomtambua nitakuwa mimi.

Wasalimie mama watoto, mwanao aliyeko Hanoi, na mweka hazina. Hata Bi Nhan msalimie ukipita kwake, ila asijue salamu zimetoka wapi.

Wako katika uzee na masizi,
Doan Khai

Nyongeza: Nilitoka kwenda kununua bahasha. Nimerudi nimechelewa chakula, na mlangoni tu nikakutana na Bi Luu juu ya kabati la vyombo, ananitazama vile anavyonitazama siku zote. Nikavua kandambili haraka. "Usinikazie macho, mke wangu," nikasema, "posta kulikuwa na foleni." Macho hayakupepesa. Nikamwomba radhi, kisha nikamwomba tena, na ya bia nikaiungama. Ndipo sauti ikatoka jikoni: "Unaongea na nani huko? Njoo ule, supu ya kaa inapoa!"

Ndugu Mwenyekiti, kumbe nilikuwa naongea na picha, Bi Luu ameitoa kwenye gazeti, na mahameli na lulu sikuziona, niliona macho yake tu. Sura imekwisha, na mwenyewe yuko jikoni ananigombeza. Nimesimama pale katikati ya hao wawili nikalia kidogo, kisha nikala bakuli tatu. Kesho asubuhi nakwenda kuketi kwa Binti Thoa anichore na mimi, tuwekwe pamoja. Barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa bahasha nimeshanunua. Ikiwa umekwisha kuisoma mkutanoni, waambie tu kwamba Bi Luu yupo.